Malta na mama mwenye magoti mabovu: je, mwongozaji wa peke yenu anafaa?

Swali la msomaji: "Habari za kazi. Tunaishi Hamburg, na likizo ya vuli mwishoni mwa Oktoba tunakwenda Malta kwa wiki moja. Tutafikia Sliema. Tuko watano: mimi, mume wangu, mtoto wa miaka 14, mwingine wa miaka 9, na mama yangu mzazi anayekuja kutoka Tanga. Mama ana miaka 71, ni mwalimu mstaafu, na magoti yanamsumbua. Amesema hataki mengi, anataka tu kuona mahali alipovunjikiwa meli Mtume Paulo. Nimekuta tangazo la ziara ya siku moja na mwongozaji wa peke yetu, 'Malta yote pamoja na Gozo'. Bei si ndogo. Je, tuchukue? Na nitamtambuaje mwongozaji wa kweli?"

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Jibu langu ni kwamba mwongozaji mchukueni, ila ziara hiyo iliyotangazwa iacheni. Ni vitu viwili tofauti, na pesa nyingi za wageni hupotea kwa kutovitenganisha.

Kisiwa cha Malta kina urefu wa kilomita 27 hivi na upana usiofika 15. Ukikitazama kwenye ramani unajiambia hiki tutakimaliza kabla ya chakula cha mchana, na hapo ndipo watu wanaponasa. Visiwa vyote vya nchi hiyo kwa pamoja ni kilomita za mraba 316, na wanaishi humo watu zaidi ya nusu milioni. Barabara ni nyembamba, magari ni mengi, na foleni ya asubuhi haimjali mtalii. Kwenda Gozo, kisiwa cha pili cha nchi hiyo, kwa gari ni lazima ufike Ċirkewwa, ncha ya kaskazini, upande feri ya magari hadi Mġarr. Kuvuka kwenyewe ni dakika 25. Tangazo litakuambia hizo 25, halitakuambia muda wa kusubiri zamu ya gari lenu, kwenda na kurudi. Mwisho wa siku mama atakuwa amekaa garini saa nyingi kuliko alizokaa mahali popote alipopatamani.

Tena likague tangazo lenyewe. Likiwa na picha ya tao kubwa la mwamba lililosimama baharini huko Gozo, lile la Azure Window, na likaahidi kwamba mtapiga picha hapo, funga ukurasa. Tao hilo liliporomoka lote baharini wakati wa dhoruba, tarehe 8 Machi 2017. Anayeendelea kuliuza amenakili tu maneno ya watu, wala hajui mtapita wapi. Gozo mtengeeni siku yake. Ipo boti ya mwendo kasi kutoka Valletta, mji mkuu, inayotumia kama dakika 45, na hiyo mnaipanda wenyewe bila kumlipa mtu wa kuwashika mkono.

Sasa mwongozaji wa peke yenu ananunuliwa kwa ajili ya nini? Si umbali. Umbali basi la umma linaufikia kwa nauli ndogo. Unanunua haki ya kuigeuza siku ikiwa inaendelea. Mama amechoka, mnakaa. Mtoto ameuliza swali, linajibiwa hapo hapo, halingoji kundi la watu arobaini lipite mlangoni. Mvua imenyesha, mpangilio unapinduliwa. Ukinunua haki hiyo kisha ukaibana kwa orodha ya vituo kumi na viwili, umelipa bei ya mwongozaji wako mwenyewe ukapata safari ya basi la watalii.

Kwa hiyo anzeni na hilo alilolitaja mama. Ana bahati kubwa, maana amechagua uzi unaopita katikati ya kisiwa chote, na vituo vyake viko karibu karibu.

Usiku mmoja kabla ya ziara, someni naye Matendo ya Mitume, sura ya 27 na mwanzo wa 28. Mtu wa Tanga atauona ule upepo wa Eurakilo, siku kumi na nne za kupeperushwa, mabaharia wakipima kina usiku, pima ishirini, kisha pima kumi na tano, wakatupa nanga nne za tezi wakiomba kuche. Watu 276 wakatoka salama. Watoto wakishasikia hesabu hiyo ya pima, kesho yake wakisimama ufukweni hawatauona kama ufuko wa kawaida.

Siku yenyewe ianzie St Paul's Bay, kaskazini, saa 3 asubuhi. Kutoka ukingo wa Buġibba mnaviona visiwa vidogo vya Mtakatifu Paulo, havina mkazi, na juu yake sanamu kubwa ya Mtume iliyosimamishwa katika miaka ya 1840. Mapokeo yanasema meli ilikwama hapo. Mwulizeni mwongozaji wenu swali moja la wazi: kuna uhakika gani? Mwongozaji mzuri hatasita. Atawaambia kwamba Wamalta wameshika mapokeo haya kwa karne nyingi, kwamba wapo wataalamu wanaoutaja ufuko mwingine wa Malta, na wengine wanaovitaja visiwa vingine kabisa, Mljet wa Kroatia na Kefalonia wa Ugiriki. Atawaeleza na sababu za kila upande. Mimi mtu anayejibu hivyo namwamini kwa yote mengine atakayosema. Anayeapa kwamba ni pale pale, kwenye lile jiwe, namsikiliza kwa tahadhari. Na imani ya mama haitapungua kwa kuambiwa ukweli. Amefundisha maisha yake yote, anajua tofauti ya mapokeo na ushahidi.

Boti za kwenda kwenye visiwa hivyo zipo bahari ikiwa shwari, lakini kwa magoti yake nisingempandisha. Kutazama kutoka ukingoni kunatosha.

Kutoka hapo mnaelekea Mosta, kilomita chache tu, na kituo hiki ni cha watoto. Kanisa la Mosta ni la duara, lenye kuba kubwa mno, upana wake wa ndani unapita mita 35, wala hakuna nguzo hata moja katikati. Tarehe 9 Aprili 1942, Malta ikiwa koloni la Uingereza na ikipigwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia karibu kila siku, bomu lilitoboa kuba hilo likaangukia sakafuni, na mamia ya watu walikuwa ndani wakisubiri misa. Halikulipuka. Mfano wa bomu kama hilo umewekwa chumba cha nyuma, mnauona. Siku sita baadaye Mfalme George wa Sita alikitunuku kisiwa kizima nishani ya George Cross, na hadi leo imo kwenye kona ya bendera ya Malta. Mtoto wa miaka 14 anayesoma Ujerumani ana mengi ya kuuliza hapo. Mwacheni aulize.

Kisha mji wa Rabat, wa hapo hapo Malta, si ule wa Moroko. Hapa ndipo ningewashauri muwe wakarimu wa muda, saa mbili hata zaidi. Chini ya kanisa la Mtakatifu Paulo kuna pango dogo ambalo mapokeo yanasema Paulo alikaa wakati wa ile miezi mitatu ya kisiwani. Kuingia ni kupitia Makumbusho ya Wignacourt yaliyo jirani, na tiketi moja inafungua yote. Mnashuka ngazi. Pango ni la chokaa ya rangi ya asali, dari iko chini, na ukuta umelainishwa na mikono ya watu. Ndani kuna sanamu nyeupe ya marumaru ya Mtume, na taa ya fedha yenye umbo la merikebu inaning'inia juu, zawadi ya mwaka 1960, kisiwa kilipoadhimisha miaka 1900 ya ajali hiyo. Mapapa watatu wamesali humo: Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990, Benedikto mwaka 2010 na Fransisko mwaka 2022. Hakuna nafasi ya makundi makubwa. Mkiwa peke yenu na mwongozaji anayejua wakati wa kunyamaza, mama ataweza kusali bila mtu kumsukuma.

Ngazi zile ndizo za kuulizia mapema. Mwandikie mwongozaji hivi: "Mama ana miaka 71, anatembea polepole, anaweza kushuka ngazi chache akishikwa mkono, hawezi ngazi nyingi mfululizo." Usiandike tu "mzee". Kuna mzee anayepanda mlima na kuna mzee ambaye ngazi kumi ni kazi. Ukimweleza hivyo, mwongozaji anayeijua kazi yake atakujibu kituo kwa kituo: hapa kuna mkono wa ngazi, hapa hakuna, hapa gari linafika mlangoni, hapa mtatembea mita mia mbili. Anayejibu "hakuna shida" peke yake hajafikiri.

Chini ya makumbusho hayo hayo kuna mahandaki waliyochimba watu kujificha mabomu ya vita, vyumba kwa vyumba, na hatua chache mbele yapo makatakombe ya Mtakatifu Paulo, makaburi ya chini ya ardhi ya zama za Warumi. Huko ni kuinama na kupenya, si kwa mama. Baba aende na watoto, wewe na mama mkae uwanjani mbele ya kanisa na kahawa. Semezaneni mapema mwongozaji awe upande gani. Mimi ningempeleka kwa watoto, maana makatakombe bila maelezo ni mashimo tu, na mama atashukuru kupumzika.

Chakula cha mchana kiwe Rabat pia, na kiwe chepesi. Pastizzi, vile vitafunwa vya unga wa matabaka vilivyojazwa jibini laini au njegere zilizopondwa, hununuliwa moto moto dirishani na havikusumbui mfukoni. Jueni tu kwamba sungura ndiye fahari ya jikoni la Malta. Watoto wenu wakiwa na moyo mwepesi, ulizeni kabla ya kuagiza. Faulusi, ambaye wao wanamwita lampuki, anavuliwa kuanzia mwisho wa kiangazi hadi Desemba, kwa hiyo Oktoba mtamkuta mbichi. Mama wa Tanga na samaki, sina la kuongeza.

Mdina iko pale pale, unavuka bustani tu kutoka Rabat. Watu hukimbilia huko asubuhi, na meli kubwa za watalii zikiwa zimetia nanga Valletta, vichochoro hujaa hadi adhuhuri. Nendeni baada ya saa 8 mchana. Ulikuwa mji mkuu wa zamani, umezungukwa na ukuta, wakazi wake hawafiki hata mia tano, na magari ya wageni hayaingii. Ndani ni tambarare kiasi, ingawa mawe ya sakafuni yanateleza kukinyesha. Mama avae viatu vya soli ya mpira. Kanisa kuu lilijengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1693, na mapokeo yanasema liko ilipokuwa nyumba ya Publio, yule mkuu wa kisiwa ambaye baba yake aliponywa homa na kuhara damu. Mwambieni mwongozaji awasimamishe mbele ya madhabahu na kuwaonyesha mchoro wa Mattia Preti ulio kwenye ukuta wa nyuma uliopinda. Ni ajali ya meli yenyewe, na sehemu hiyo ya kanisa ilisalimika katika tetemeko. Kwa mtu aliyesoma sura ile jana usiku, nadhani hapo ndipo kilele cha siku.

Kisha nendeni kwenye ukuta wa nyuma, unaotazama kaskazini. Nusu ya kisiwa iko chini yenu, na kuba la Mosta mnaliona wazi.

Ikiwa mama bado ana nguvu na jua halijashuka, mnaweza kumalizia Ħaġar Qim, kusini, mahekalu ya mawe yaliyojengwa kati ya mwaka 3600 na 3200 kabla ya Kristo, kabla piramidi za Giza hazijafikiriwa. Jiwe moja pale lina uzito unaopita tani 20. Yamefunikwa kwa hema kubwa tangu 2009 ili mvua isiyale. Hekalu la pili, Mnajdra, liko mteremkoni kama nusu kilomita chini, na kurudi ni kupanda. Waende wenye miguu. Lakini angalieni saa. Mwishoni mwa Oktoba saa za Ulaya hurudishwa nyuma, na ziara yenu ikiangukia baada ya hapo, jua la Malta litazama saa 11 na dakika chache tu jioni, na maeneo hayo hufungwa mapema. Mkiona muda umebana, acheni. Ndiyo faida ya kutofungwa na orodha.

Utaona sijaitaja Valletta. Nimeiacha makusudi. Mko Sliema, na feri ndogo ya kuvuka hadi Valletta ni dakika chache tu, kwa hiyo mji huo mtaufanya wenyewe siku nyingine. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane linatoa kifaa cha maelezo ya kusikiliza ndani ya bei ya tiketi, na humo ndimo ulimo mchoro mkubwa kuliko yote ya Caravaggio, kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, wa mwaka 1608, pekee aliotia saini yake. Viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi, maana sakafu yote ni makaburi ya marumaru ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la kidini lililoutawala mji. Mabega yafunikwe. Mizinga ya bustani ya Barrakka ya juu hupigwa saa 6 mchana, wadogo watafurahi, na kutoka Bandari Kuu, upande wa pili wa mji kutoka inapofika feri ya Sliema, hadi bustanini ipo lifti. Magoti ya mama yataishukuru. Pia kuna kanisa la Ajali ya Mtakatifu Paulo katikati ya mji, nalo linahifadhi mfupa unaoaminika kuwa wa mkono wake. Mji una ngazi nyingi, ila mtaa mkuu ni rahisi kutembea.

Kuhusu Hypogeum, hekalu na makaburi ya kale ya chini ya ardhi huko Paola: hakuna mwongozaji anayeweza kuwaingiza kwa ujanja. Huingia watu kumi tu kwa zamu, na tiketi hununuliwa wiki au hata miezi kabla. Anayekuahidi kukuingiza siku ile ile, shaka naye.

Tuje kwenye kumtambua mtu mwenyewe. Malta, mwongoza watalii lazima awe na leseni ya Malta Tourism Authority, na akiwa kazini avae beji yake ikionekana. Mwombe picha ya leseni kabla ya kulipa chochote. Ni ombi la kawaida, mwenye nayo hakasiriki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi mwongozaji ni mtu mmoja na dereva ni mwingine. Dereva anaweza kuwa mcheshi na mjuzi wa njia, lakini leseni ya gari si leseni ya kuongoza watu ndani ya makumbusho. Ukiona bei rahisi ajabu, uliza: tutakuwa na nani ndani ya pango, mwongozaji au sisi wenyewe? Wengi wamefikishwa mlangoni wakaambiwa "nawasubiri hapa".

Bei hutozwa kwa kundi, si kwa kichwa, na hiyo ndiyo inayoiokoa hesabu yenu. Gharama inayomwelemea msafiri mmoja, kwa watu watano inakaribia ya basi la watalii. Linganisha hivyo, usitazame jumla peke yake. Uliza kilichomo: mwongozaji saa ngapi, gari na dereva, tiketi za kuingilia, chakula chao, na saa ikizidi mnatozwaje. Majibu yawe kwa maandishi. Malipo ya awali ni ya kawaida, malipo yote mwezi mzima kabla si ya kawaida. Bakshishi si lazima, ila kazi ikiwa nzuri hupokewa kwa furaha.

Lugha chagueni Kiingereza. Najua Kijerumani kingekuwa chepesi kwa watoto, lakini mama amefundisha miaka yote hiyo, Kiingereza anakisikia, na siku hii ni yake. Asipewe siku yake kwa mkalimani. Mdogo umtafsirie wewe. Mwambie mwongozaji aseme polepole na kwa vipande.

Mama akiwa na viza ya Schengen iliyotolewa na Ujerumani, Malta imo ndani ya eneo hilo, haombi nyingine. Asafiri na pasipoti yenyewe, na siku za viza zitoshe wiki hiyo. Magari huko hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo wakati wa kuvuka barabara wanaohitaji kushikwa mkono ni watoto wa Hamburg.

Siku ya ziara isiwe Jumapili. Makanisa huwa kwenye ibada na mengi hayapokei watalii wa kutembea, ingawa Jumapili hiyo hiyo ni nzuri kwa soko la Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi chenye mashua zilizochorwa macho kwenye omo. Chagueni Jumanne au Jumatano, na iwe mwanzoni mwa wiki yenu, ili mvua ya vuli ikiwazuia mpate nafasi ya kuisogeza. Suala la kusogeza mwulizeni mwongozaji kabla ya kutuma malipo ya awali: mvua kubwa ikinyesha tunahamisha siku bila gharama, au tunaendelea?